Mtoto Akimkataa Mlezi, Msimrudishe



Ndugu zetu wasomaji, leo hatuandiki juu ya maandalizi ya Ramadhani wala ada za madrasa. Kuna jambo limetukaa kooni wiki tatu sasa, na tukilinyamazia tutakuwa tumeshiriki. Katika mtaa wetu hapa Nyamirambo, Kigali, kuna mke na mume waliomchukua mtoto wa kiume wa miaka mitatu ili wamlee kwa njia ya kafala. Walimpokea kwa furaha, wakachinja mbuzi, majirani tukaletewa nyama. Sasa umetimia mwezi wa tano na mtoto hamtaki baba. Akisikia mlango unafunguliwa jioni anaingia chini ya meza. Akipewa biskuti na baba anaitupa, akipewa biskuti ile ile na mama anaila. Na wakubwa wa mtaa, watu wazima wenye nia njema, wamekaa barazani baada ya Ijumaa wakatoa hukumu: mrudisheni, huyo hajawakubali, msije mkabeba mzigo bure.

Sisi tunasema hukumu hiyo ni mbovu. Hatusemi kwa kuwadharau waliotoa, maana wengine wao ndio waliotufundisha Alif hadi Yaa. Tunasema kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kuambiwa maneno hayo hayo, na tulifika karibu sana na kuyafuata.

Sisi tunaoandika ni mke na mume. Ndoa yetu ilikaa miaka kumi na moja bila mtoto. Mwaka 2016 tulimchukua binti wa miaka minne kutoka katika kituo kilichokuwa kinafungwa. Wanaokumbuka wanajua kwamba miaka hiyo vituo vingi vya yatima Rwanda vilikuwa vinafungwa. Mpango wa Tubarere Mu Muryango, yaani tuwalee katika familia, ulianza mwaka 2013, na lengo lake lilikuwa watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa vituoni warudi kwa ndugu zao au wapate familia nyingine. Binti yetu hakuwa na ndugu aliyejulikana. Alipelekwa kituoni akiwa mchanga.

Siku ya kwanza alipanda mgongoni kwa baba kana kwamba alimjua tangu zamani. Mama alipomnyooshea mikono alimtazama, kisha akageuza uso ukutani. Tulicheka, tukasema ni aibu ya mgeni. Wiki ya pili hatukucheka tena. Chakula kilichopakuliwa na mama hakikuliwa mpaka baba akiguse sahani. Akiogeshwa na mama alipiga kelele mpaka majirani wanafungua madirisha. Neno alilolitumia zaidi kwa mama lilikuwa moja la Kinyarwanda, "Genda", nenda zako. Fikirini mwanamke aliyemwomba Allah mtoto kwa miaka kumi na moja, anaamka kwa tahajudi, halafu anapewa mtoto anayemwambia nenda zako mara ishirini kwa siku. Mama alikuwa analia bafuni na bomba la maji limefunguliwa ili asisikike. Tunalieleza hili kwa sababu barazani hakuna anayelieleza. Barazani wanazungumza tu habari za mtoto mkorofi.

Basi mtaa ukaanza kazi yake. Mmoja alisema ana jini, tukaletewa chupa ya maji yaliyosomewa. Hatupingi kusomewa ruqya, Qur'ani ni shifaa, lakini mtoto aliyeshikwa na watu watatu ili anyweshwe maji kwa nguvu siku ile alilala chini ya kitanda, na mama alikuwa mmoja wa wale watatu. Mwingine alituambia mchelea mwana kulia hulia yeye, tukamchapa. Ndiyo, tulimchapa, mara mbili. Hakulia. Alituangalia tu, na macho yale hatujayasahau. Bibi mmoja wa upande wa mume alikuja na methali yake: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Watu wakacheka. Tumeifikiria sana methali hiyo baadaye. Kamba ile mguuni ilifungwa na nani? Si kuku aliyejifunga.

Na hapo ndipo kosa la baraza lote lilipo. Watu wanamwona mtoto anayemkataa mlezi, wanadhani anamkataa mtu huyu aliye mbele yake. Binti yetu pale kituoni alikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akimlisha na kumbeba, na siku tuliyoondoka naye mwanamke yule alisimama getini akipunga mkono. Kwa hesabu ya mtoto wa miaka minne mambo yalikuwa hivi: kulikuwa na mwanamke, ametoweka, na mwanamke mwingine amekuja kukaa mahali pake bila ruhusa. Baba hakuchukua mahali pa mtu. Pale kituoni wanaume walikuwa wageni wanaoleta peremende. Kwa hiyo kumpenda baba hakukumgharimu kitu, lakini kumpenda mama kungekuwa kumsaliti yule wa getini. Mtoto alikuwa katika huzuni ya msiba, nasi tukamdai shukrani. Nani kati yenu huenda msibani akamwambia mfiwa acha kulia, ushukuru nimekuletea sukari?

Kwa huyo mtoto wa kiume wa mtaani kwetu huenda sababu ni nyingine. Huenda mwanamume mmoja alimpiga zamani, huenda ni sauti nzito tu, huenda hakuna ajuaye. Lakini kwamba ana sababu, hilo hatuna shaka nalo.

Tena tunashangaa kwamba Waislamu tunasahau kisa tunachokisoma wenyewe. Katika Surat al-Qasas, Nabii Musa (AS) akiwa mtoto mchanga katika nyumba ya Firauni aliletewa wanyonyeshaji, akawakataa wote. Nyumba ilikuwa ya kifalme, chakula kilikuwepo, mke wa Firauni alimpenda, na bado mtoto alikataa mpaka dada yake alipowaelekeza kwa mama yake mzazi. Tunajua kwamba hapo kulikuwa na mipango ya Allah (SW) ya kumrudisha kwa mamake, hatutaki kukifanya kisa hicho kuwa kanuni ya kila mtoto. Ila je, kuna mfasiri yeyote aliyesema Musa alikuwa mtoto asiye na shukrani? Kuna aliyesema apigwe? Mtoto mchanga kukataa mikono asiyoijua si uovu, na atakayesema ni uovu atuletee dalili.

Kwa wanaopenda ushahidi wa elimu ya dunia, hawana haja ya kwenda mbali, jirani zetu Uganda wanatosha. Mtafiti Mary Ainsworth alikaa huko mwaka 1954 na 1955, akazitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akawaangalia akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya aliyoyaona. Aliona kwamba mtoto hujishikiza kwa yule anayemjibu, anayetambua kilio hiki ni cha njaa na hiki ni cha usingizi, kisha akishajishikiza anapata ujasiri wa kutambaa mbali na kurudi. Mambo mengi yanayofundishwa leo ulimwenguni juu ya mtoto na mlezi wake yalianzia katika nyumba zile za Buganda. Sasa jiulizeni, mtoto aliyelala katika chumba cha watoto kumi na watano, walezi wakipokezana zamu, nani alimjibu? Na kama alikuwepo mmoja aliyemjibu, tukamwondoa kwake kwa saa moja, tunategemea nini?

Turudi kwenye dini, maana hukumu ya barazani ilivishwa nguo ya dini. Hoja yao ya kwanza ni kwamba Uislamu hauna kuasili mtoto, kwa hiyo mtoto si wenu, kwa hiyo kumrudisha si tatizo. Sehemu ya kwanza ni kweli. Allah (SW) katika Surat al-Ahzab ameamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na Zayd bin Haritha (RA), aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, akarudishiwa jina la baba yake. Lakini kutoka hapo hadi "kumrudisha si tatizo" wameruka mto mzima bila daraja. Kafala maana yake ni dhamana. Mdhamini wa deni hakimbii siku mdaiwa anapomnunia. Soma Surat Aal Imran uone watu walivyoshindana kwa kupiga kura kwa kalamu zao nani amlee Maryam, hadi akapewa Zakariya (AS). Wao walishindana kumchukua, sisi tunashauriana namna ya kumwachia! Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika kifungu cha 20, unaitaja kafala ya Kiislamu kwa jina lake kuwa ni njia ya kumlea mtoto asiye na familia. Wasio Waislamu wameipa heshima, na sisi wenyewe tunaifanya kama kuazima sufuria.

Na huyo Zayd mwenyewe, kabla ya aya kushuka, baba yake na ami yake walimfuata Makka kumkomboa. Mtume (SAW) hakumzuia na hakumsukuma. Alimwachia achague, na Zayd akachagua kubaki. Upendo wa namna ile haukupatikana kwa kumwambia kila siku kumbuka nilikotoa.

Hoja ya pili ni ya mahram. Ustadhi mmoja kijana alituambia baba asimbebe binti yule kwa sababu si wake. Miaka minne! Ndugu yetu, hukumu ya stara na faragha ni ya kweli na tunaifuata, lakini ina wakati wake, na kumtisha mlezi asimkumbatie mtoto mdogo anayetetemeka usiku si kuilinda sharia. Kama mtoto ni mchanga kuna mlango wa kunyonya. Kwa madhehebu yetu ya Shafi ni manyonyesho matano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili. Akinyonyeshwa na mama mlezi ni mwanao wa maziwa, na binti akinyonyeshwa na dada wa mume basi mume ni mjomba wake. Sisi mlango huo tuliukuta umefungwa. Ikabidi tungoje ukuaji na tumweleze ukweli mapema. Urithi nao hana wa moja kwa moja, lakini wasia hadi theluthi upo, nasi tumekwishauandika, hilo halihitaji kelele.

Kuhusu jina, hapa tunakiri kosa. Tulipomleta tulimbadilishia jina siku ile ile, tukawa tunamwita kwa jina jipya zuri lenye maana nzuri. Haitiki. Watu wakasema ni kiziwi, wengine kiburi. Kumpa mtoto jina si haramu, na tulikuwa na nia njema, ila mtoto yule alikuwa amepoteza kitanda, wenzake, mwanamke wa getini, na sasa hata neno analoitwa nalo. Baada ya wiki mbili tukamrudishia jina lake nyumbani, lile tulilompa sisi likabaki la madrasa. Alipoitwa kwa jina lake mara ya kwanza aligeuka upesi sana, mama akashika ukuta.

Sasa tuseme jambo ambalo halisemwi, na mume ndiye aliyesisitiza liandikwe. Mzazi anayependwa naye ana sehemu yake katika fitina hii. Baba alifurahi. Alirudi kazini akakimbiliwa, akanyanyua mtoto juu, mke amesimama pembeni na kijiko mkononi. Alisema maneno kama "mpole, atakuzoea tu", maneno ya mtu aliyeshiba anayemshauri mwenye njaa. Usiku mmoja mke alimwambia, wewe unapenda hali hii. Alikasirika, akatoka nje, akakaa barabarani karibu saa nzima, akarudi akasema ni kweli.

Kuanzia hapo tulibadili mambo machache. Baba akaacha kulisha. Kila kitu cha kinywani kilitoka mkononi kwa mama, hata kama mtoto anakula ameupa ukuta uso. Akianguka akaumia, baba alimbeba na kumpeleka alipo mama, naye baba akabaki hapo hapo, asiondoke. Wageni tuliwaomba wapungue, na wengine walitununia hadi leo. Na mama akaacha kuomba. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Aliacha kumwita, aliacha kunyoosha mikono, aliacha kuuliza "unanipenda?" Kila siku baada ya Alasiri alikaa mlangoni na ungo wa maharage, akachambua. Maharage ya huku kwetu yana rangi nyingi, mekundu, meupe, yenye madoa. Hakumtazama mtoto. Usiku mtoto akilia na kukataa kuguswa, mama alikaa nje ya mlango wa chumba akisoma adhkari zake kwa sauti ya chini, hata kama ni saa nzima, ili ajue kuna mtu.

Wiki ya saba mtoto alikuja akachukua harage jekundu moja, akakimbia. Kesho yake mawili. Baadaye akaleta kopo lake akawa anachagua mekundu tu, mgongo ukiwa umemwelekea mama. Hakuna aliyesema kitu. Tulikula maharage mwezi mzima, jamani, mpaka tukayachoka. Kisha ikaja homa ya malaria, usiku wa joto kali, na tulipokuwa tunasubiri dawa kwenye benchi alishika pindo la kanga ya mama. Si mkono, pindo. Alilishika mpaka asubuhi.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Alipokuwa na miaka saba alirudia "Genda" kwa miezi miwili, baada ya mwenzake shuleni kumwambia huna mama wa kweli. Mikate aliificha chini ya godoro kwa miaka. Sasa ni msichana mkubwa, ameanza kuvaa mtandio mbele ya baba, tulimweleza sababu kabla hajauliza, akasema anajua, akauliza kama bado atamfundisha kuendesha baiskeli. Bado anafundishwa.

Tuwe waadilifu. Kuna mtoto anayepaswa kuondolewa katika nyumba, naye ni yule anayepigwa, anayenyimwa, anayedhuriwa, au yule ambaye ndugu zake wa damu wamepatikana na wanaweza kumlea. Na kuna mlezi aliyechoka kweli, hatumlaumu. Lakini dawa ya mlezi aliyechoka ni mtu wa kumfulia nguo. Katika miezi yetu mibaya kuna jirani mmoja, mama wa makamo, alikuwa analeta isombe, anaweka sufuria mlangoni, anagonga, anaondoka kabla hatujafungua. Hakutoa ushauri hata mmoja. Wazee wa baraza, kama mnataka thawabu za yule ambaye Mtume (SAW) alimwonyeshea ukaribu wake Peponi kwa vidole viwili, mfanye kama mama yule. Mtume mwenyewe alizaliwa baba ameshafariki, akanyonyeshwa kwa Halima Saadiya, akampoteza mama akiwa na miaka sita na babu akiwa na minane, akalelewa kwa ami yake Abu Talib na mkewe Fatima bint Asad. Alipita mikono mingapi? Na kila mkono ulimpokea, hakuna uliomrudisha kwa sababu amenuna. Na alipokuwa mtu mzima, Anas bin Malik (RA) alimtumikia miaka kumi tangu utotoni na akasema hakuwahi kuambiwa hata "uff". Sisi tumeshindwa miezi mitano.

Tumesikia kwamba siku ya ofisi imepangwa, ni Jumanne ijayo. Ndugu yetu, baba wa mtoto yule, tunajua unasoma ukurasa huu kwa sababu mkeo huuchapisha na kuubandika jikoni. Tunakuomba uahirishe. Kesho ukirudi kazini usimtafute chini ya meza. Vua viatu, kaa sakafuni upande wa pili wa chumba, fanya kazi yoyote ya mikono, usimtazame, na biskuti aitoe mkeo kutoka katika mfuko uliouleta wewe. Fanya hivyo kesho kutwa pia. Sisi tupo nyumbani kila siku baada ya Isha, njoo peke yako, mtoto mwache alale.

Wabillahi tawfiq.